Kasa, joto la mchanga na swichi ya jinsia

Kwa binadamu, mtoto akiwa wa kike au wa kiume hutegemea mbegu ya baba imebeba kromosomu X au Y. Kasa hana kromosomu za namna hiyo. Mayai yake hufukiwa mchangani, na joto la theluthi ya kati ya muda yanaokaa humo ndilo huamua jinsia. Kwenye nyuzi 29 hivi za Selsiasi madume na majike hukaribiana kwa idadi. Mchanga ukizidi hapo, majike huongezeka.

Wapo wanaosema viumbe wa aina hii wamekwisha, kwa jinsi dunia inavyopata joto. Hoja yao ina uzito. Uchunguzi uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba kasa wa kijani wanaotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, karibu 87 kati ya kila 100 ni majike kwa waliokomaa, lakini kwa wadogo ni zaidi ya 99. Mimi hunitisha zaidi pengo hilo kati ya wakubwa na wadogo kuliko hiyo 99 yenyewe.

Wengine hujibu kwamba kromosomu nazo si ngao. Mjusi wa Australia, Pogona vitticeps, dume lake lina kromosomu ZZ na jike lina ZW. Mayai yakipita nyuzi 32, hata ZZ huweza kuwa jike, tena jike linalotaga. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba jike hilo likipandwa na dume la kawaida, watoto hawapati W kabisa, na jinsia yao huamuliwa na joto. Kromosomu nzima hupotea kwa kizazi kimoja!

Joto hufanyaje kazi hiyo? Kwa kobe wa majini wa Marekani, Trachemys scripta, kwenye nyuzi 26 kimeng'enya KDM6B huondoa alama za kikemia zinazoibana jeni Dmrt1, nayo huanza kujenga korodani. Kwenye nyuzi 32 kimeng'enya hicho hupungua, jeni hubaki imebanwa, na ovari hukua. DNA haikubadilika hata herufi moja.

Hapo wenye matumaini husema: kilicho swichi hurekebishika. Nakubali nusu. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo uhaba wa madume hauui mara moja. Lakini kiwango cha joto kinachoigeuza swichi huhama kwa uteuzi wa vizazi vingi, na kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa.

Jambo hili linatuhusu pwani yetu pia. Watamu na Mafia, viota vilivyo karibu mno na maji huhamishiwa juu ili visisombwe. Ni kazi njema, ila anayechagua shimo jipya anachagua na jinsia: mchanga ulio wazi kwa jua si sawa na ulio chini ya mti. Kipimajoto kingefaa kifukiwe pamoja na mayai. Kivuli cha makuti husaidia kupoza, ingawa kikizidi nacho kitaangua madume watupu.