Ini kujaa mafuta: kosa la mafuta ya kula au la sukari?

Siku hizi Dodoma ukikaa na watu wa maofisini kule Mtumba huchelewi kusikia mtu kapigwa utrasaundi akaambiwa ini lina mafuta, na hapo hapo mabishano yanaanza, huyu anasema acha nyama ya Msalato na chipsi, yule anasema mafuta hayana shida, tatizo sukari na ugali. Mi naona kila mmoja kashika nusu.

Upande wa sukari una nguvu kweli. Sukari ya mezani nusu yake ni fruktosi, aina ya sukari iliyomo pia kwenye matunda, na hiyo sehemu kubwa inashughulikiwa na ini, ikizidi ini linaigeuza mafuta. Soda watu hawaihesabu kama chakula lakini chupa ya mililita 350 ina kama gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikiwa 25 ndo vizuri zaidi. Sasa piga hesabu, chai ya asubuhi vijiko vitatu, soda mchana, jioni juisi ya boksi. Zabibu zetu msiziingize kwenye kesi hii jamani, tunda zima lina nyuzi na linashibisha, ukishalikamua ukabaki na maji matamu ndo habari nyingine.

Ila wanaosema mafuta hayana kosa nao wamevuka mpaka. Mwaka 2018 watafiti wa Ufini waliwapa watu wenye uzito mkubwa kalori 1000 za ziada kila siku kwa wiki 3. Waliokula zaidi siagi, jibini na mafuta ya nazi, mafuta ya ini yalipanda 55%, wa sukari 33%, wa mafuta ya zeituni na jamii ya karanga 15% tu. Uswidi nako 2014 walilinganisha keki za mafuta ya mawese na za alizeti, watu wakanenepa sawasawa lakini ini lililojaa zaidi ni la wale wa mawese. Ni tafiti ndogo, kila moja watu hawafiki 40, na walilishwa kupita kiasi makusudi, lakini mimi zinaniuma kwa sababu huku kati ndo kwenye alizeti, Singida na Dodoma, afu karai la chipsi linajazwa mawese ya kutoka nje kisa bei. Mwenye kibanda simlaumu, anatafuta riziki.

Ugali wa uwele na mlenda sioni pa kuushtaki, shida ni mlima wa sembe au wali, mboga kiduchu, afu mtu anarudi kukaa kwenye kiti mpaka saa kumi.

Uzito nao una hesabu yake. Ukipunguza 5% mafuta ya ini yanashuka, ukifika 7 hadi 10% hata kuvimba kwa ini kunakoletwa na mafuta hayo kunaweza kupoa, yaani mtu wa kilo 90 aanze na kilo nne na nusu. Lakini wapo wembamba kabisa na wana mafuta hayo kwenye ini, wengine wamerithi, kwahiyo kumwambia kila mtu "punguza kitambi" sio haki.

Na majibu yakisema ini lina shida, pima pia sukari na homa ya ini B na C, sema ukweli kuhusu pombe, maana kirusi hakitibiwi kwa kuacha chipsi.