Nyumba ya Wanaume Wawili

Shida za mashoga wa Kenya zinaandikwa kila siku, na zipo kweli: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinatishia jela ya miaka 14, na Mahakama Kuu ilikiacha kilivyo Mei 2019. Raha zetu je? Nazo zina haki ya kusemwa.

Kubwa kwangu ni kwamba hakuna kazi ya nyumbani iliyogawanywa kabla hamjahamia. Anayetangulia kurudi kazini ndiye anayekuna nazi. Wali wa vikombe viwili hutaka nazi moja kubwa. Anza na tui jepesi na chumvi, mchele uive humo. Maji yakikaribia kukauka, tia tui zito, funika, palia makaa juu ya kifuniko. Wanaotanguliza tui zito hupata ukoko mweusi chini na kiini juu, maana tui hushika sufuria kabla punje hazijaiva. Mwanamume aliyezoea kuwekewa sahani mbele yake huyajua haya ukubwani, na akishayajua hamtegemei mtu kwa tumbo lake.

Kabati nalo ni moja. Mkilingana mabega, mashati ya mmoja ni ya wote. Kanzu ndiyo hukataa: ikizidi kifundo cha mguu, inafagia barabara.

Halafu kuna Pwani yenyewe. Wanaume wawili wakipanga chumba Kisauni, Mombasa, mwenye nyumba kwa kawaida huona vijana wanaosaidiana kodi. Mwanamume na mwanamke wasio na ndoa ndio huulizwa maswali. Na marafiki wa kiume kushikana mikono wakipita Mji wa Kale ni desturi ya tangu hapo. Watu wa bara hushangaa. Sisi tunaitembea.

Panapoharibika ni kwenye karatasi. Sheria haiwatambui kama wanandoa, kwa hiyo mmoja akifariki, ndugu zake huweza kuja kubeba hadi friji mliyoinunua pamoja. Majina yote mawili yaingie kwenye mkataba wa nyumba. Risiti za vitu vikubwa zihifadhiwe. Wasia uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Mwislamu akumbuke kwamba asiye mrithi haachiwi zaidi ya theluthi. Kama mna akiba kwenye sako, yaani chama cha akiba na mikopo, ulizeni fomu ya kumteua mtu wa kupokea akiba hiyo, na muijaze wiki hii hii.