Mtandao si bando

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota karibu nchi nzima. Mtaani kwetu Mbagala watu walizima simu na kuziwasha tena wakidhani bando limeliwa. Nyumbani kwangu binti yangu alikuwa mezani anasoma habari za sayari kwenye Wikipedia ya Kiswahili, na kaka yake anaangalia katuni kwenye simu ya mama yao. Vyote vilitoka kwenye kompyuta moja ya mezani iliyo chini ya kabati la vyombo.

Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila anayenisikiliza: mtandao na intaneti ni vitu viwili. Ruta ikiwa na umeme, vifaa vya humo ndani vinaongea hata kama dunia yote ya nje imekatika.

Kompyuta hiyo ni mtumba wa Kariakoo. Mwanzoni kila nikiichomoa kwenye umeme, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi, na tovuti zikakataa kufunguka, maana vyeti vyake vya usalama hukaguliwa kwa tarehe. Dawa ikawa betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Nikaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kisha Kiwix, programu ya bure inayohifadhi Wikipedia nzima kwenye diski na kuigawa kwa yeyote aliye kwenye waifai ya nyumba.

Kilichonitoa jasho ni waya. Kuta za tofali zilikuwa zinameza waifai kabla haijafika chumba cha nyuma, nikaamua kuvuta waya wa mtandao juu ya dari na kuufunga mwenyewe vichwa, vile vya plastiki vinavyochomekwa kwenye ruta na kompyuta. Ndani yake mna nyuzi nane, jozi nne zilizosokotwa. Nikazipanga kama macho yalivyopenda: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, pande zote mbili sawasawa. Kipimio kikawasha taa zote nane kwa mpangilio. Lakini picha ya video ilikwama kila dakika, na nilihangaika wiki mbili nikiilaumu ruta.

Fundi mmoja mtu mzima alikuja, hakugusa kompyuta. Alikitazama kichwa cha waya kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Kijana, jozi ya kijani umeiachanisha." Nikashangaa, maana mimi niliona nimeziweka pamoja. Akanionyesha kwamba kichwa kina pini nane, vile vyuma vidogo vinavyogusa nyuzi, na ishara moja hupita kwenye pini ya tatu na ya sita kwa pamoja, kwa hiyo uzi mmoja wa kijani ukae ya tatu, mwenzake aruke hadi ya sita, na jozi ya bluu ikae katikati. Mimi kwenye pini ya sita nilikuwa na uzi wa bluu. Nyuzi mbili za jozi hubeba ishara zinazopingana, na msokoto wake ndio unaofuta kelele. Ukimpa uzi mwenza asiyesokotwa naye, kelele inaingia. Kipimio kile cha taa hakiwezi kuliona hilo, kwa kuwa chenyewe kinauliza tu kama uzi umefika upande wa pili.

Nilikata vichwa, nikafunga upya. Video haijakwama tena.

Ndiyo maana naumia nikisikia chumba cha kompyuta shuleni kimefungwa kufuli kwa sababu hela ya intaneti imeisha. Mashine zipo, umeme upo, na watoto wako nje. Nimeomba kupeleka kompyuta kama yangu kwenye shule ya msingi ya jirani. Mwalimu mkuu ameniuliza bando atalipa nani. Nimemjibu, "Mwalimu, bando halipo. Nitafutie tu meza karibu na soketi."