Mgeni njoo, mwenyeji asihame

Msimu wa korosho ukianza mwezi wa Oktoba, laptopu yangu hapa Mtwara inageuka ghala. Natunza kumbukumbu za vyama viwili vya msingi: picha za stakabadhi, majedwali ya malipo, orodha za wakulima, vyote vinamwagwa kwenye folda moja kwa majina ya ajabu ajabu. Ukiandika ls -l, amri ya Linux ya kuorodhesha faili, kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) unaambiwa faili ina baiti 48210377, ukae uhesabu tarakimu kwa kidole kama mpokea magunia aliyekatikiwa umeme. Najua ls -lh ipo, inayofupisha tarakimu hizo. Nimeitumia miaka, na macho bado yanachoka.

Ndiyo maana nimehamia eza, programu inayofanya kazi ileile ya ls. Tuseme nusu nimehamia. Imeandikwa kwa lugha ya kuprogramu iitwayo Rust, na mzazi wake ni exa, ambayo ilikosa mtunzaji. Mwaka 2023 wengine wakauchukua msimbo wakaendelea nao kwa jina jipya. Kwa hiyo maelekezo ya zamani yakikutuma kwenye exa, yapite tu.

eza -l inaandika 48M bila kuombwa, na rangi zake zinatulia. Lakini kilichoniteka ni eza -T -L 2, inayochora folda kama mti wa ngazi mbili. Nilimwonyesha karani mmoja, papo hapo akaona stakabadhi za Novemba zimelala ndani ya folda ya Desemba. Tulikuwa tumezitafuta tangu asubuhi!

Kuisakinisha nilikosea mara mbili. Kwanza niliandika cargo install eza. Cargo, chombo cha Rust cha kusakinisha programu, inashusha msimbo wa maktaba chungu nzima kisha inajenga kila kitu kwenye mashine yako. Yangu ilivuma kama kinu cha kusaga mahindi, na bando likakata katikati ya safari. Kumbe kwenye Linux aina ya Ubuntu 24.04 inatosha sudo apt install eza. Pili, nikawasha alama za faili, vikaja visanduku vitupu. "Kaka, hivyo si virusi?" karani akauliza. Ilikuwa fonti. Alama hizo zinahitaji fonti mojawapo ya Nerd Fonts, uichague kwenye mipangilio ya terminali. Shusha moja tu, usibebe furushi zima.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu. Karibu kila anayeisifia eza anakushauri uweke lakabu ya amri, alias ls='eza', yaani jina la ls apewe mgeni. Nilifuata ushauri huo mwezi mzima, nikajuta. ls ipo tangu mfumo wa Unix wa mwaka 1971, utaikuta kwenye seva yoyote ya Linux utakayoingia. Siku moja niko kwenye seva ya mteja, nina haraka, nikaandika ls --tree, nikiutaka ule mti wa eza, kwa kujiamini kabisa. Ikanijibu haiijui. Mteja yuko pembeni ananitazama.

Na hata nyumbani mambo hayaendi sawa. Vidole vyangu vinaandika ls -ltr bila kuniuliza, ili faili mpya kabisa ikae chini. Kwa eza, -t inadai uitajie aina ya muda, basi inagoma; inabidi uandike eza -l --sort=modified. Ile -h nayo, kwa ls inahusu ukubwa, kwa eza inaleta vichwa vya safu. Herufi zilezile, maana nyingine. Ukiwapa wawili hawa jina moja, utaita huyu aitike yule.

Mimi nimempa mgeni lakabu yake mwenyewe:

alias l='eza -l --group-directories-first --icons=auto'

Iweke mwisho kabisa wa ~/.bashrc, faili ya mipangilio inayosomwa terminali ikifunguka, maana Ubuntu huja na l yake humo humo, na anayetajwa mwisho ndiye anayeitika. Kisha andika source ~/.bashrc ili isomwe upya. Nikimtaka mwenyeji, naongeza s.