Tilenga na hesabu ya asilimia 0.05

Wanaopinga uchimbaji wa mafuta ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, Uganda, hujibiwa kwa namba. TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa inayoongoza mradi wa Tilenga, inasema vibali vyake vya mafuta vinagusa karibu asilimia 10 ya hifadhi, lakini eneo la mradi ni chini ya asilimia 1, na miundombinu yenyewe haifiki asilimia 0.05. Ukibisha hapo unaonekana adui wa maendeleo.

Waliopanga mradi wana haki yao. Visima zaidi ya 400 vimekusanywa kwenye vituo 31, yaani viwanja vya kuchimbia visima vingi pamoja, na vituo 10 kati ya hivyo ndivyo vilivyo hifadhini. Mtambo wa kuchimba ukimaliza kisima kimoja husogezwa mita chache ukaanza kingine. Shimo hushuka wima, kisha hupinda kuyafuata mafuta mbali na kituo. Bila ufundi huo, kila kisima kingedai kiwanja na barabara yake.

Ila asilimia hiyo inapima ardhi iliyofyekwa, basi. Mtu akikodi chumba kimoja cha uani akafunga mashine ya kusaga, kwa mita za mraba kachukua chumba kimoja tu. Waulize majirani kama wanalala. Mtambo wa kuchimba haulali: taa, ngurumo, malori usiku kucha. Na tembo husikia mtetemo wa ardhi hata kwa nyayo zake. Ni kweli mashamba ya Buliisa na Nwoya, wilaya zinazopakana na hifadhi, yalivamiwa na tembo hata kabla ya mafuta, lakini hiyo ndiyo sababu ya kutowasukuma tembo huko zaidi kwa kelele. Anayepoteza mihogo yake kwa usiku mmoja hana faida na 0.05.

Ukitaka mtambo uzimwe usiku, wahandisi watasema kisima hakiachwi katikati kila jioni. Ni kweli: tope linalozuia presha shimoni linataka uangalizi muda wote, na bomba likitulia mno hunasa. Gharama ya kukodi mtambo nayo huhesabiwa kwa siku. Lakini kituo chenye visima zaidi ya 10 kina nafasi kati ya kisima kilichokamilika na kinachofuata. Hapo mtambo unaweza kuzimwa kwa wiki kadhaa bila kuhatarisha shimo lolote. Kinachoongezeka ni gharama, na hiyo ndiyo hesabu ambayo kampuni ingepaswa kuulizwa.