Waziri wa Fedha wa Sufuria

Simu imelia sasa hivi. Si mtu, ni ile programu ya kuhesabu kalori, inatangaza kwa sauti ya mkopeshaji: "Umebakiza kalori 212 kwa leo." Saa kumi na moja jioni! Chakula cha usiku hakijainjikwa, na hazina ina kalori 212. Hizo ni mayai matatu ya kuchemsha, basi. Ukiyakaanga, umeingia kwenye deni kabla hujayageuza upande wa pili.

Tuliambiwa kula ni bajeti, tukakubali, kwani bajeti tunazijua: tarehe mosi inaandikwa kwa mwandiko mzuri, tarehe tano unatafuta wa kukukopesha. Na kanuni yenyewe, kwa heshima zote, haina ubaya. Ile ya watafiti Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990, ya kukadiria kalori ambazo mwili unatumia kwa siku ukiwa umepumzika tu, inasema: kilo zako mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, halafu mwanamume aongezwe 5 na mwanamke akatwe 161. (Waliokatwa 161 wakitaka kuandamana, siwazuii.) Mwanamume wa kilo 80, sentimita 175, miaka 40, anapata kama 1,700. Hizo ni za kulala chali na kupumua. Anayekaa kwenye kiti kutwa azidishe kwa 1.2, afike kama 2,040. Akitaka kupungua akate 500, abaki na 1,540. Na msidhani hizo 1,700 za kulala zinaenda bure: ubongo peke yake unachukua karibu asilimia 20, na kazi unayoifanya usiku ni kukukumbusha kwamba kuna mkate kabatini.

Bei nazo hazina majadiliano. Gramu ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya pombe 7, ya mafuta 9. Hakuna punguzo la mteja wa siku nyingi.

Sasa njoo kwenye wali. Hapa ndipo mawaziri wazima hujiuzulu.

Unaandika "wali" kwenye programu. Zinakuja orodha hadi kidole kinachoka. Mmoja anasema gramu 100 ni kalori 130, mwingine anasema 360. Unadhani mmoja wao mwongo. Hapana, wote wakweli: 130 ni wali ulioiva na kujaa maji, 360 ni mchele mkavu. Ukipima gramu 200 za wali ulioiva ukaziandika kama mchele, unajitoza 720 badala ya 260, unalala njaa kwa kosa la karani. Ukifanya kinyume unajidanganya kwa furaha, na mwisho wa mwezi unaituhumu mizani ya bafuni.

Njia sahihi ipo, na wataalamu wanaitaja kana kwamba ni kumenya ndizi. Pima mchele mkavu: tuseme gramu 500, kalori 1,800. Pima mafuta: vijiko vikubwa vitatu vya kipimo, kila kimoja mililita 15, karibu gramu 14, kalori 120. Jumla 2,160. Pika. Pima sufuria na wali wake, toa uzito wa sufuria tupu, tuseme inabaki 1,440. Gawanya: kila gramu ni kalori 1.5. Sahani ya gramu 200 ni 300. Imekwisha!

Haijaisha. Uzito wa sufuria tupu uko wapi? Haukupimwa. Haupimwagi. Unakumbukwa mvuke ukishatoka, wali umeshaiva, na nyumba nzima imekaa mezani na vijiko mkononi. Basi unahamishia wali kwenye bakuli, unapima sufuria, unaurudisha. Mtoto anauliza, "Baba, huo wali umefanya nini?" Unamjibu kwa utulivu wa kiofisi kwamba ni ukaguzi wa kawaida.

Unaiweka sufuria juu ya mizani ya jikoni. Kitako chake kipana kimefunika kioo chote cha namba. Unainama, unachungulia, unaona sehemu ya 7, au ni 1. Shemeji anauliza kama kuna kitu kimedondoka. Dawa yake ni hii: weka bakuli lililopinduliwa juu ya mizani kwanza, bonyeza kitufe cha sifuri, kisha kalisha sufuria juu yake. Bakuli hilo pia linazuia moto wa sufuria usifike kwenye mizani, maana ikipata joto namba huanza kutembea zenyewe. Lakini kumbuka mizani nyingi za jikoni mwisho wake kilo 5, na bakuli linahesabiwa humo hata kama umelifuta kwa sifuri. Sufuria ya familia ikipanda, mizani inaandika herufi mbili za kukata tamaa na kunyamaza.

"Unapima dhahabu?" anauliza shemeji.

Na ukoko je? Ule wa chini umekauka, maji yametoka, kwa hiyo gramu yake moja ina kalori nyingi kuliko gramu ya wali wa juu. Wewe umegawanya kwa wastani. Anayegombania ukoko anakula juu ya makadirio, na katika kila nyumba anayegombania ukoko ndiye huyo huyo waziri wa fedha. Hapo mezani wameshamaliza kula. Wanauliza kama umebaki.

Mafuta ya kumimina kwa jicho ndiyo ufisadi wenyewe. Hakuna jicho la binadamu lililowahi kumimina kijiko kimoja. Weka chupa nzima kwenye mizani, bonyeza sifuri, mimina kwenye kikaango, irudishe. Itasoma kwa alama ya kutoa: 31 pungufu ni gramu 31 ulizomwaga, karibu kalori 275. Ulikuwa unaandika 120.

Mazoezi tusiyazungumze. Saa ya mkononi inakupa mapato ya 400 kwa kutembea, unayala yote, wakati kama mwanzo ulichagua kizidishio cha mtu anayetembea, si kile 1.2 cha kiti, kilishahesabu kutembea huko. Mshahara mmoja umelipwa mara mbili, na matumbo hayana mkaguzi.

Paketi nazo: maandishi makubwa yanasema kalori 150, maandishi ya sisimizi yanasema "kwa gramu 30", na paketi ina gramu 120. Marekani sheria inaruhusu kipimo chenye kalori chini ya 5 kiandikwe sifuri, ndiyo maana kuna mafuta ya kupuliza yenye sifuri. Mafuta! Sifuri! Ukipuliza kwa robo ya sekunde kama walivyoandika, sawa. Nani anapuliza robo ya sekunde?

Halafu ile ya kubana 300 kwa siku tano, ukusanye akiba ya 1,500, Jumamosi iondoke yote kwenye kikao kimoja cha karanga. Gramu 100 za karanga zinakaribia 570, na hakuna aliyewahi kusimama kwenye 100. Jumapili unapanda mizani, umeongezeka kilo moja na nusu, unalia. Usilie. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inataka ziada ya kama 7,700. Hukuzila usiku mmoja. Hayo ni maji ya chumvi ya karanga. Angalia wastani wa wiki.

Lakini linalouma kweli, na hapa sicheki, ni hili. Ukitii yote, ukapungua kilo 10, rudi kwenye kanuni: kilo 10 mara 10 ni 100, mara 1.2 ni 120. Bajeti yako inakatwa 120 kila siku. Umefanya kazi nzuri, umepunguzwa mshahara! Na 120 ni kijiko kile kile cha mafuta. Mwajiri gani huyu?

Na sasa mizani imezima. Inataka ile betri bapa, CR2032, ambayo huja kwenye gamba la plastiki la kuzuia watoto, linalozuia na watu wazima, lisilofunguka bila mkasi. Mkasi nao ni mpya, umefungwa kwenye gamba kama hilo hilo.