Kupindua melodia juu chini: kanoni ya sauti mbili na kwaya za Dodoma

Walimu wa kwaya wana ubishi wao wa siku nyingi: je, anayetunga kwa ajili ya waimbaji wa Dodoma ana haja ya kujua kanoni, tena ile ngumu ambayo sauti ya pili huiga ya kwanza juu chini? Wapo wanaosema asiyeiweza hajakomaa kiutunzi. Wapo wanaosema huo ni ufundi wa Ulaya usio na kazi Ugogoni, nchi ya Wagogo wa Dodoma. Naona wa kwanza wamepatia kuhusu thamani ya kujifunza, na wa pili wamepatia kuhusu lugha. Kosa ni kila upande kudai ukweli wote ni wake.

Kanoni ya kawaida wengi tumeiimba shuleni: kundi moja linaanza, la pili linaingia baadaye kwa wimbo uleule. Katika kanoni ya kupindua, sauti ya pili hufuata mwendo wa ya kwanza, lakini pale ya kwanza ilipopanda, yenyewe hushuka kwa hatua zilezile, na ilipoporomoka, yenyewe huruka juu. Mtunzi wa Ujerumani Johann Sebastian Bach alitunga hivyo varieshoni (vibadala vya wimbo mmoja) ya 12 na ya 15 katika Goldberg Variations zilizochapishwa mwaka 1741.

Kabla ya kuandika lolote, mtunzi huchagua nota ya mhimili, yaani ile isiyobadilika melodia inapopinduliwa. Kwa herufi za solfa (d r m f s l t), mhimili ukiwa m, basi d hugeuka s na s hugeuka d. Nota tatu za nyumbani, d m s, zinabaki, ila nusu hatua (m hadi f, na t hadi d) zinahama mahali pake. Mhimili ukiwa r, ngazi yote ya nota hulingana barabara: d na m hubadilishana, t na f hubadilishana, s na l hubadilishana, na kila nusu hatua inaangukia nusu hatua nyingine. Ukiondoa f na t, ukabaki na ngazi ya nota tano, d r m s l, mhimili wa r hukurudishia nota tano zilezile. Kwa mwanafunzi wa solfa hapo ndipo pa kuanzia.

Chukua sauti ya kwanza hii, mapigo manne kwa manne:

| d : r : m : s | s : l : m : d |

Ipindue kwenye r, upate ya pili (mkato baada ya herufi ni nota ya chini):

| m : r : d : l, | l, : s, : d : m |

Sauti ya pili inaingia mapigo manne baada ya ya kwanza. Wakati ya kwanza inaimba s l m d, ya pili iko chini yake na m r d l,. Ya kwanza inaporudi mwanzo, ya pili inaendelea na l, s, d m. Pigeni kwenye kinanda: kila pigo ni nota zilizo umbali wa tatu au wa tano, hakuna pigo linalokwaruza, na mzunguko unaweza kurudiwa mpaka mwongozaji aamue kusimamisha. Melodia moja ya nota nane imezaa sauti mbili, na wala hazitembei kama pacha.

Ugumu wake ndio faida yake. Kila nota utakayoandika sasa ni lazima ikubaliane na kivuli cha ile uliyoandika mapigo manne yaliyopita, na hiyo nayo itageuka kivuli cha kukaa chini ya zile zinazokuja. Mtunzi analazimika kusikia sauti mbili kwa pamoja tangu nota ya kwanza. Nyimbo nyingi za kwaya hutungwa soprano kwanza, kisha alto, teno na besi hujazwa kama viraka, na besi inabaki kuruka d na s wimbo mzima. Aliyehangaika na kanoni hizi haandiki besi ya namna hiyo tena. Kwa hili peke yake ningependa kila mwalimu wa kwaya azijaribu.

Sasa upande wa pili, ambao una uzito zaidi kuliko unavyopewa. Cigogo, lugha ya Wagogo, kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha yenye toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mtunzi wa Kigogo anapoacha melodia ifuate maneno, hafanyi pambo, anayalinda maneno yaeleweke. Ukiipindua melodia hiyo, kila silabi ya juu inashuka na ya chini inapanda. Waimbaji wa sauti ya pili wanatamka maneno yaleyale kwa toni zilizogeuzwa. Nyimbo za makanisani zilizotafsiriwa tangu wamisionari walipofika Mpwapwa katika miaka ya 1870 zilishakuwa na shida ya maneno kulazimishwa juu ya melodia za kigeni. Hapa tunaiongeza shida hiyo kwa kukusudia.

Tena kuna ngazi yenyewe. Gerhard Kubik, aliyechunguza muziki wa Wagogo, aliieleza ngazi yao kuwa imejengwa juu ya nota za asili zinazotoka kwenye mtetemo mmoja, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Hatua za ngazi hiyo hupungua kadiri unavyopanda: kutoka d hadi m ni karibu senti 386 (nusu hatua ya kinanda ni senti 100), m hadi s 316, s hadi ile nota iliyo chini kidogo ya ta (t iliyoshushwa nusu hatua) ya kinanda 267, kutoka hapo hadi d ya juu 231, kisha r 204. Ngazi hii ina chini yake na ina juu yake. Ukiigeuza, hatua pana zinahamia juu na nyembamba chini, na hakuna ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, iliyosawazishwa hivyo. Juu ya hayo, sauti ya pili ya Kigogo huruka nota moja ya ngazi na kwenda sambamba na ya kwanza, upande uleule. Uzuri unaosikika kwa mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose na wenzake haukutokana na sauti kukimbiana. Anayeupima muziki huo kwa kanoni anaupima kwa kipimo kisichouhusu, na kusema watunzi wake hawajakomaa ni kuwaonea.

Kiswahili ni habari nyingine. Hakina toni, kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo unaweza kubebwa na pigo zito au nota ndefu hata melodia ikishuka. Hivyo maneno ya Kiswahili yanastahimili kupinduliwa, mradi mtunzi apange silabi zenye mkazo ziangukie mapigo mazito katika sauti zote mbili. Yawe machache: amina, aleluya, mstari mmoja wa zaburi. Sauti mbili zikiimba sentensi ndefu kwa kupishana, msikilizaji wa benchi la nyuma hapati hata moja.

Na anayetaka kwa dhati kuweka Cigogo ndani ya kanoni ya kupindua bado ana njia. Aache maneno kwenye sauti ya kwanza, yafuate toni zake, na sauti ya pili iimbe irabu tupu, au ipigwe kwa ala. Atapoteza kitu, kwa sababu jibu lisilo na maneno halisikiki waziwazi kuwa ni wimbo uleule. Ningekubali hasara hiyo kuliko kumwimbia mzee wa Chamwino lugha yake ikiwa imegeuzwa.